Usingizi, Ganzi na Mzinduko: Uhakiki wa Istilahi za Uuguzi Baada ya Upasuaji

Mijadala ya istilahi za tiba aghalabu huhusu majina ya magonjwa, ya dawa na ya viungo vya mwili. Uuguzi haujapata sehemu yake katika mijadala hiyo. Yaelekea sababu ni dhana kwamba muuguzi hufanya kazi kwa mikono, na kwamba mikono haina haja ya istilahi. Dhana hiyo si sahihi. Muuguzi husoma maagizo na kuyaandika, hukabidhi mgonjwa na kukabidhiwa, huwaeleza ndugu la kufanya na la kutofanya. Na katika kila hatua hiyo, neno likipotoka, mkono nao hupotoka.

Makala haya yanahakiki istilahi za sehemu moja tu ya kazi hiyo, yaani utunzaji wa mgonjwa tangu anapotolewa katika chumba cha upasuaji mpaka anaporudishwa wodini akiwa na fahamu zake. Tumeuchukua kuwa kielelezo mswada mmoja wa mwongozo wa wauguzi, uliofasiriwa kutoka Kiingereza, ambao tuliupitia kwa ajili ya kupima lugha yake. Hatuutaji kwa jina wala hatumtaji mfasiri wake, kwa kuwa kasoro tutakazozionyesha hazikuanza naye na hazitakwisha kwake. Tena mfasiri huyo ana sifa anazostahili kupewa: sentensi zake ni fupi, upatanisho wa kisarufi umekaa sawa, na mahali pengi amekwepa maneno makubwa yasiyo na kazi. Kasoro zake zimo katika maneno ambayo yanaonekana mepesi, na ndiyo maana zinapita bila ya kuonekana.

1. Usingizi

Mswada wote unaliita tendo la kumwondolea mgonjwa hisia "kumlaza usingizi", na hali ya mgonjwa baada ya upasuaji unaiita "usingizi wa dawa". Lugha hii si ya mfasiri huyu peke yake. Ndiyo lugha ya daktari anapomtuliza mgonjwa mwenye hofu, na kwa kazi hiyo haina ubaya. Swali letu ni kama yafaa kuwa istilahi ya mwongozo.

Tutazame kwanza lilikotoka jambo lenyewe. Tarehe 16 Oktoba, 1846, katika hospitali ya Massachusetts General mjini Boston, William Morton alimvutisha mgonjwa mvuke wa etha, na mpasuaji akamkata uvimbe shingoni mbele ya hadhara ya madaktari. Mwezi uliofuata Oliver Wendell Holmes, aliyekuwa daktari na mwandishi, alimwandikia Morton akapendekeza jina la hali hiyo, akalitoa katika Kigiriki. Maana ya jina hilo ni kutohisi. Halikutaja usingizi hata kidogo. Mwaka 1847 James Young Simpson wa Edinburgh akaanza kutumia klorofomu, na tangu hapo dawa za namna hiyo zikaenea duniani. Kwa hiyo anayefasiri jina hilo kwa neno "usingizi" hafasiri kilichoandikwa. Anafasiri kile anachokiona kwa macho, yaani mtu aliyefumba macho na kutulia.

Sasa tutazame tofauti. Aliyelala usingizi hujilinda. Akikosa hewa hugeuka, mate yakimwendea vibaya hukohoa, akiguswa huamka. Aliyepewa nusukaputi hana ulinzi huo. Ulimi wake hulegea na kurudi nyuma ukaziba njia ya hewa, na yeye asigeuke. Akitapika, matapishi huweza kushuka mapafuni, na yeye asikohoe. Mwenye usingizi anastahili kuachwa apumzike. Mwenye nusukaputi hastahili kuachwa hata kidogo. Hizi ni amri mbili zinazopingana, na neno moja haliwezi kuzibeba zote mbili.

Hatari hii huonekana wazi zaidi katika suala la kukoroma. Katika Kiswahili, mtu anayekoroma ndiye aliyelala fofofo, na desturi njema ni kumpisha asisumbuliwe. Katika chumba anachowekwa mgonjwa aliyetoka kupasuliwa, kukoroma ni dalili kwamba njia ya hewa imeanza kuziba. Muuguzi anatakiwa ainue kidevu, asukume taya mbele, na amlaze mgonjwa kwa ubavu. Mlio huo ukikoma ghafla ilhali kifua kinapanda na kushuka bila ya pumzi kusikika, hali imezidi kuwa mbaya. Mswada unaieleza hatua ya kuinua taya kwa usahihi. Lakini kurasa mbili kabla ya hapo umekwisha kumwambia msomaji kwamba mgonjwa "amelala vizuri". Mwanafunzi wa uuguzi, aliyekuja na maana ya "kulala" aliyoipata nyumbani kwao, atalishika lile la kwanza.

Pendekezo letu ni kwamba "nusukaputi" liwe jina la hali na la dawa inayomwondolea mgonjwa fahamu na hisia za mwili mzima. Neno hili tayari limo vinywani mwa watu na limo kamusini. Wako wanaolikataa kwa kuwa lina sura ya mtaani na kwa kuwa wasemaji husikia ndani yake "nusu", wakafikiri juu ya mtu aliye nusu ya kufa. Sisi twaona kwamba sauti hiyo ni faida. Neno linalomtahadharisha muuguzi ni bora kuliko neno linalombembeleza. "Usingizi" libaki katika mazungumzo na mgonjwa kabla ya upasuaji, wala lisiandikwe katika fomu ya uangalizi baada yake.

2. Ganzi

Mswada unagawa njia za kuondoa hisia mafungu mawili: "ganzi ya jumla" na "ganzi ya mahali". La pili twalikubali. La kwanza ni tafsiri ya neno kwa neno. Ganzi kwa Mswahili ni ile inayoushika mguu uliokaliwa: mwenyewe yu macho, anajua, na hahisi. Mtu aliyepotewa na fahamu hatuwezi kusema kwamba amekufa ganzi. Tena "jumla" kwa msomaji wa kawaida ni biashara ya magunia na makatoni, au hesabu iliyokusanywa chini ya mstari. Maadamu tuna "nusukaputi", "ganzi ya jumla" haina kazi.

"Ganzi" basi ibaki kwa mgonjwa aliye macho, na hapa kuna jambo linalohitaji uangalifu. Mwaka 1898 August Bier, mpasuaji wa Kijerumani, alianzisha njia ya kudunga dawa mgongoni ili kuua hisia za sehemu ya chini ya mwili. Njia hiyo hutumika sana hata leo, hasa kwa akina mama wanaojifungua kwa kupasuliwa. Mswada unaiita "sindano ya uti wa mgongo". Kwa wasomaji wengi "uti wa mgongo" ni jina la ugonjwa, kwa kuwa "homa ya uti wa mgongo" hufupishwa hivyo katika mazungumzo. Na katika ugonjwa huo pia mgonjwa hudungwa mgongoni ili kutoa maji ya kupima. Ndugu akiambiwa kwamba dada yake amepigwa sindano ya uti wa mgongo, ana haki ya kushtuka. Twapendekeza "ganzi ya mgongoni": jina linataja kinachotokea na mahali kinapoanzia.

Mgonjwa wa namna hii huzungumza na hucheka, hivyo huonekana kuwa amekwisha kupona hatari. Kumbe shinikizo la damu laweza kushuka, kibofu chaweza kujaa naye asihisi haja, na chupa ya maji ya moto iliyowekwa miguuni kwa huruma yaweza kumuunguza bila ya yeye kulalamika. Kwa hiyo mwongozo lazima utofautishe kurudi kwa hisia na kurudi kwa nguvu. Mswada umeandika "mpaka ganzi iishe", ukayachanganya mambo mawili. Ingefaa kuandikwa: "mpaka ahisi akiguswa, na aweze kuinua mguu mwenyewe."

3. Kupona, kupata nafuu, kuzinduka

Chumba anamotunzwa mgonjwa baada ya upasuaji si jambo jipya. Florence Nightingale, katika kitabu chake juu ya hospitali, toleo la mwaka 1863, alikwisha kutaja vyumba vidogo kando ya chumba cha upasuaji, ambamo wagonjwa walikaa mpaka athari za mwanzo za upasuaji zipungue. Mswada unakiita chumba hicho "chumba cha kuponea", na mahali pengine "chumba cha nafuu".

Kosa hapa limetokana na neno la Kiingereza lenye maana pana: kupona maradhi, kurudishiwa kilichopotea, na kurudi katika hali ya awali. Kiswahili kina neno mbalimbali kwa kila maana, na mfasiri ameshika lisilohusika. Mgonjwa hakuingia chumbani humo kuponea ugonjwa. Jeraha lake ni bichi, na kupona kwake kutachukua siku au majuma. Anachorudishiwa ni fahamu. Tena ndugu walio nje ya mlango wakiambiwa kwamba mgonjwa wao yumo katika chumba cha kuponea, huchukua kwamba hatari imepita, ilhali saa za mwanzo ndizo zenye hatari nyingi.

Kiswahili kina kitenzi cha kale kilichokaa tayari kwa kazi hii, nacho ni "kuzinduka", yaani kupata fahamu baada ya kuzirai au kutoka katika usingizi mzito. Tatizo ni kwamba ndugu yake, "kuzindua", amechukuliwa na shughuli za utawala: miradi huzinduliwa, vitabu huzinduliwa, na "uzinduzi" leo humkumbusha mtumishi wa serikali utepe na mkasi. Kwa hiyo "uzinduzi" haufai. Lakini "mzinduko", nomino itokanayo na kitenzi cha kutendeka, haijachukuliwa na mtu. Twapendekeza "mzinduko" kwa kipindi chenyewe, "chumba cha mzinduko" kwa mahali, na "uuguzi wa mzinduko" kwa kazi. Mgonjwa "anazinduka", halafu "amezinduka". Na kupona kunabaki kuwa jambo la baadaye.

4. Kuitika na kujibu

Mwaka 1970 J. Antonio Aldrete na mwenzake walichapisha njia ya kupima mgonjwa katika kipindi hiki kwa mambo matano, kila jambo likipewa alama 0, 1 au 2, na jumla ikiwa 10. Desturi iliyoenea ni kumruhusu mgonjwa atoke anapopata 9 au zaidi. Njia hii imeingia katika miongozo mingi, na mswada wetu umeifasiri. Hapa ndipo istilahi zinapogeuka kuwa tarakimu, na tarakimu kuwa amri ya kumwondoa mgonjwa au kumbakiza.

Jambo la kwanza mfasiri ameliita "shughuli". Kinachopimwa ni kama mgonjwa aweza kusogeza mikono na miguu yake minne, miwili, au hawezi kabisa. Shughuli kwa Mswahili ni kazi au hangaiko la mtu, na pwani ni arusi au hitima. Mgonjwa aliyepata alama 2 za shughuli ni kichekesho. Iandikwe "kusogeza viungo".

Jambo la nne ni fahamu. Mfasiri ameandika daraja tatu hivi: "anafahamu", "anajibu", "hajibu". Daraja ya kwanza imevuka mpaka, kwa kuwa "anafahamu" humaanisha kwamba anaelewa jambo fulani, na msomaji atauliza anafahamu nini. Daraja ya pili ndiyo yenye kasoro kubwa. Asili yake husema juu ya mgonjwa anayeamka akiitwa. Kiswahili kina neno kamili la tendo hilo, nalo ni "kuitika". Mtu akiitwa jina huitika: naam, abee, labeka. Kujibu ni kutoa jibu la swali. Mgonjwa anayezinduka huweza kuitika kwa sauti nzuri, kwa kuwa kuitika ni mazoea aliyokuwa nayo tangu utoto, na papo hapo akawa hajui yuko wapi wala kwamba amepasuliwa. Huyo ameitika, hajajibu. Daraja zisomeke hivi: "yu macho kabisa", "huamka na kuitika akiitwa", "haitiki". Baada ya hapo muuguzi amwulize mgonjwa jina lake na mahali alipo, na hilo ndilo liitwe kujibu.

Jambo la tano katika kipimo cha mwanzo lilikuwa rangi ya mgonjwa. Mswada unasema "rangi ya waridi" bila ya maelezo. Kwa mgonjwa mweusi maneno hayo hayana pa kushika, ila muuguzi aelekezwe kutazama midomo, ulimi, na nyama iliyo chini ya kucha. Tena mwaka 1995 Aldrete mwenyewe aliliondoa jambo hilo, akaweka mahali pake kiwango cha oksijeni katika damu, kinachopimwa kwa kifaa cha kubana kidoleni. Mwongozo unaotolewa leo hauna budi kufuata toleo la baadaye.

5. Maneno yaliyokuwapo na hayakutumika

Zipo istilahi tatu ambazo mfasiri amehangaika kuziunda ilhali Kiswahili kilikuwa nazo.

Ya kwanza ni matapishi au mate kuingia katika njia ya hewa. Mswada unasema "kuvuta matapishi", kana kwamba ni sigara. Neno ni "kupaliwa". Lipo jambo la kuongeza: mtu wa kawaida akipaliwa hukohoa, na mwenye nusukaputi huweza asikohoe. Kwa hiyo fasili ya kitaalamu iseme kwamba kupaliwa kwaweza kutokea kimya kimya.

Ya pili ni kutetemeka kwa baridi baada ya upasuaji. Mswada una "mitetemeko ya baada ya upasuaji". "Kitapo" latosha, na lina heri ya kutochanganyika na tetemeko la ardhi wala degedege.

Ya tatu ni ile hali ya mgonjwa kupiga kelele, kurusha mikono na kuona yasiyokuwapo wakati anapozinduka. Hutokea zaidi kwa baadhi ya dawa, na ketamini ni maarufu kwa hilo. Mswada unaiita "wazimu wa muda". Neno hilo ni zito mno, na hubaki na mgonjwa baada ya dawa kwisha. Wengine husema kwamba "amepandwa", na ndugu huondoka na hadithi ya pepo. Kiswahili kina "kuweweseka", na nomino yake "maweweseko". Halina aibu wala halina tiba ya mganga. Lasema tu kwamba mtu anatoka usingizini vibaya.

Tuongeze la nne, ambalo si istilahi bali ni agizo. Kabla ya upasuaji, na pia mpaka azinduke barabara, mgonjwa hapewi kitu kwa mdomo. Mswada unaagiza: "Asile chakula." Katika nyumba nyingi chakula ni ugali, wali au ndizi, uji hunywewa, chai hunywewa, wala haviitwi chakula. Ndugu aliyekuja na chupa ya uji hajavunja agizo hilo kwa namna alivyolisoma. Agizo liandikwe: "Asile wala asinywe kitu chochote, hata uji, chai au maji, mpaka muuguzi aruhusu." Maneno yameongezeka, na hapa uwingi wa maneno ni halali.

6. Mapendekezo

Kwa kufupisha, twapendekeza yafuatayo yajadiliwe:

(a) Nusukaputi: hali ya kuondolewa fahamu na hisia za mwili mzima kwa dawa, pia dawa yenyewe.
(b) Ganzi ya mahali. Ganzi ya mgongoni: kuondolewa hisia za sehemu ya mwili, mgonjwa akiwa macho.
(c) Mzinduko: kipindi cha kurudiwa na fahamu baada ya nusukaputi. Chumba cha mzinduko. Uuguzi wa mzinduko.
(d) Kuitika: kuonyesha kuamka kwa kuitwa. Kujibu: kutoa jibu sahihi la swali.
(e) Kupaliwa: kuingiwa na mate, matapishi au kitu kingine katika njia ya hewa, kwa kukohoa au bila ya kukohoa.
(f) Kitapo: kutetemeka kwa baridi baada ya upasuaji.
(g) Maweweseko: fadhaa na maono ya mgonjwa anayezinduka.
(h) Ishara za uhai: mapigo ya moyo, pumzi, shinikizo la damu na joto la mwili. Mswada una "dalili muhimu". Lakini dalili zote ni muhimu, na "dalili" hospitalini imekwisha kuwa mali ya ugonjwa.

Sheria ya mwaka 1967 iliyoliunda Baraza la Kiswahili la Taifa ililipa Baraza jukumu la kukuza lugha hii katika shughuli zote za umma. Mafunzo ya uuguzi nchini hutolewa kwa Kiingereza, ilhali mgonjwa anayezinduka huita mama yake kwa Kiswahili au kwa lugha ya kwao. Muuguzi ndiye mfasiri aliyesimama baina ya lugha hizo, tena hufasiri bila ya kamusi na bila ya nafasi ya kurudia. Wanaotunga istilahi mezani wamempa maneno machache mno, na baadhi ya hayo yanamdanganya.

Twawaomba wauguzi, walimu wa vyuo vya uuguzi na wafasiri wayapime mapendekezo haya kwa kazi yao, si kwa uzuri wa sauti peke yake. Neno litakaloonekana kuwa na kasoro lipingwe, na anayelipinga atuletee lile analolitumia usiku, taa zikiwa chache na mgonjwa mmoja akikoroma kitanda cha mwisho. Kama neno hilo humfanya ainuke kitini akamtazame, basi ni bora kuliko letu.